Siku Tatu za Kulinda Mikono ya Eukrito

Pale Akarnai, kijiji cha wachoma mkaa nje ya Athene, ukiuliza Pamfilo mchoma mkaa anakaa wapi, utakodolewa macho tu. Ukiuliza kwa Mkia Umelala, hata mbuzi watageuza shingo wakuonyeshe mlango.

Jina lilimnasa siku ya harusi yake, mbele ya wakwe. Alichinja kondoo kama inavyotakiwa, akautupa mkia kwenye moto wa madhabahu. Kawaida mkia ukipata moto hujikunja, ukasimama juu kama wa nge, na hapo watu hupiga vigelegele maana miungu imekubali. Wa Pamfilo ulilala. Akauchokonoa na kijiti. Ukalala upande wa pili. Akina mama wa upande wa bibi harusi wakaanza kuangaliana. Ndipo Kefiso muuza vitunguu saumu, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na komeo, akaropoka kutoka nyuma: "Bibi harusi, pole mwaya! Mkia wa bwana umelala na jua bado halijazama!"

Watu walicheka mpaka mpiga filimbi akapaliwa. Mirte, bibi harusi mwenyewe, alicheka ndani ya shela mpaka shela ikawa inatetemeka. Baadaye walizaa watoto watano, wote wana pua ya baba yao kama wamepigwa muhuri, lakini jina la utani huwa haliangalii ushahidi. Likaganda.

Na kusema ukweli lilimfaa kwa mengine. Pamfilo alikuwa mwembamba, nyusi zimeungua na moto wa tanuri, kucha nyeusi tii, na ugomvi ukianza sokoni yeye hukumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni. Wa kupigana alikuwa kaka yake, Eukrito. Huyo alikuwa jitu. Alimlea Pamfilo tangu baba yao alipokufa kwenye vita vya baharini, na mwili haukurudi. Mama yao, Arkipe, alimjengea mume wake kaburi tupu, na kila mwaka alikwenda kummiminia maziwa na asali mtu ambaye hayupo. Alikuwa akirudi nyumbani hapo, haongei na mtu siku mbili.

Sasa, jirani yao mlimani aliitwa Drakilo. Naye mchoma mkaa. Tanuri lake na la Eukrito yalipakana, na mnajua majirani. Siku moja Drakilo, kwa roho mbaya tu, alitoboa tanuri la Eukrito kabla halijaiva. Tanuri la mkaa likitobolewa upepo unaingia, moto unalipuka, na magogo ya mwezi mzima yanageuka majivu. Eukrito alimfuma kijiti bado kiko mkononi. Akamng'oa meno mawili kwa ngumi moja, akampandisha kanzu mpaka kiunoni, akamkalisha makalio wazi juu ya majivu yaleyale, yakiwa bado ya moto. Akamshikilia mabega huku anahesabu mpaka ishirini. Wachoma mkaa wote walikuwepo. Wengine walihesabu naye.

Siku tisa Drakilo hakuweza kukaa. Alikula amesimama, alilala kifudifudi, na watoto walimwimbia njiani.

Siku ya kumi, asubuhi, Eukrito aliinama kwenye chemchemi kunywa maji. Pamfilo alikuwa juu kidogo anapasua magogo. Akasikia sauti kama boga linapasuliwa. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu, hiyo ikiwa laini zaidi.

Alishuka mbio. Alimkuta kaka yake kifudifudi, nusu ya uso iko majini, maji ya chemchemi yamekuwa mekundu mpaka chini kule. Shingo ilikuwa imeshikiliwa na kipande tu. Na Drakilo alikuwa amempanda mgongoni kama mtu anayechuna ng'ombe. Shoka ameliweka pembeni, ameshalifuta damu kwenye nywele za marehemu. Sasa alikuwa na mundu, na kamba alikuwa ameshaipitisha shingoni na chini ya makwapa ya maiti.

Ile kamba ndiyo iliyomfanya Pamfilo apige ukunga. Kwao aliyeuawa huwa hapumziki. Anamtafuta aliyemuua, na akimpata anamkaba. Kwa hiyo muuaji mjanja anakata mikono na miguu, anaitunga kwenye kamba, anaining'iniza kwenye makwapa ya maiti. Basi. Marehemu anafika kuzimu hana cha kushikia wala cha kukimbilia. Anakaa huko kama gunia, milele.

Mundu ulikuwa umeshachora mstari mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia.

Pamfilo alinyakua gogo linalowaka kwenye mdomo wa tanuri lililokuwa kando ya chemchemi, mikono ikaungua, hakusikia, akalirusha. Lilimpata Drakilo usoni. Ndevu zikashika moto kama nyasi kavu. Jamaa akaruka, akajipiga makofi mwenyewe, akakimbilia msituni anaungua, mundu bado mkononi.

Pamfilo hakumkimbiza. Alikaa kwenye tope jekundu, akamshika kaka yake mikono miwili, akaanza kuhesabu vidole. Kumi. Akahesabu tena. Watu walipofika walimkuta bado anahesabu, na mmoja, hata siku kama hiyo, akamnong'oneza mwenzake, "Muuaji kaenda kule, yeye kakaa hapa. Mkia umelala tena."

Nyumbani, mama Arkipe hakuuliza nani. Aliuliza, "Mikono?"

"Ipo, mama."

"Miguu?"

"Ipo."

"Nionyeshe."

Alikagua mwenyewe, kidole kwa kidole, kama anayekagua samaki sokoni. Alipofika kwenye ule mstari wa kifundo, akaukandamiza na kidole gumba, akasema, "Baba yako alienda bila mwili. Huyu anaenda mzima. Unanisikia, Pamfilo? Mzima." Ndipo akajirarua mashavu mpaka damu ikadondokea kwenye shuka.

Wakamwosha, wakampaka mafuta ya zeituni, wakamlaza juu ya matawi ya mzabibu, miguu ikielekea mlangoni. Shingo waliifunga kwa kitambaa kipana. Kinywani sarafu ya kumlipa mvushaji wa mto wa kuzimu, mkononi andazi la asali la kumtuliza mbwa anayelinda mlango wa huko. Wanawake walijipiga vifua mpaka vikavimba.

Mtaalamu wa sheria za wafu alikuja kutoka mjini, amepanda nyumbu, ana mafua makali. Aliuliza mambo mawili: marehemu ana mtoto wa kiume? Hana. Ana ndugu? Wote wakamgeukia Pamfilo. Binamu mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Basi wewe utabeba mkuki mbele ya maiti," mtaalamu akasema, akajifuta pua. "Kaburini utamtangaza muuaji. Utauchomeka mkuki juu ya kaburi, na utalinda siku tatu. Mkuki hauguswi. Ukiung'oa, unaanza kuhesabu upya."

"Na yeye akija?"

"Ndiyo maana ya kulinda, baba."

"Nikimuua?"

Mtaalamu akapiga chafya kwanza. "Hapo ndugu zake nao watabeba mkuki mbele ya maiti yake, na watakuja kwako. Kisha wanao watawaendea wao. Hamtamaliza. Isipokuwa mwenyewe akuachilie damu yake kabla hajakata roho, mbele ya shahidi. Marehemu akishaachilia, hakuna ndugu wa kudai. Mna asali? Koo linaniuma."

Basi siku ya tatu alfajiri Pamfilo akatangulia maiti ya kaka yake na mkuki wa baba yao, mti mrefu kumzidi mara mbili, ncha yake inachezacheza hewani kama fimbo ya mvuvi. Kaburini akatangaza kwa sauti iliyokatika katikati: Drakilo asikanyage soko, asikanyage hekalu, asinawe maji watu wanayonawa. Akauchomeka mkuki kwenye udongo mbichi. Ulilala. Akauchomeka tena. Binamu sasa hakukohoa, alicheka wazi.

Siku ya kwanza ilipita kwa matusi tu. Makaburi yako kando ya barabara ya kwenda Athene, kwa hiyo kila mwenye punda alipita na neno lake. Kefiso akasimamisha wake kabisa.

"Shikamoo, jemadari!"

"Kefiso, pita zako."

"Nipite niende wapi? Leo kuna ulinzi, barabara salama." Akamtupia kichwa cha kitunguu saumu. "Tafuna. Jogoo wa kupigana wanalishwa hiki. Hata kuku kama wewe kinaweza kukusaidia."

"Nikitoka hapa nitakupiga."

"Ukitoka hapo utakuwa umetoka hai, na mimi nitafurahi mno kupigwa." Alisema hivyo bila kucheka, akamchapa punda, akaenda.

Mirte alileta mkate wa shayiri, zeituni na dagaa wakavu. "Kula. Na usijifanye shujaa, nina watoto watano na mama mkwe." Akamfuta masizi usoni kwa mate yake. Mama Arkipe alikuja jioni na mtungi. Kwenye kaburi walikuwa wamezika bomba la udongo, limesimama wima, mdomo wake juu, chini linafika kwa marehemu. Mama alimimina maziwa na asali taratibu, akainama, akaongea kwenye tundu kama anaongea na mtu chumba cha pili: "Kunywa, mwanangu. Mdogo wako yuko hapa. Anatetemeka, lakini yuko."

Siku ya pili, adhuhuri, jua limesimama utosini, hata panzi wamenyamaza, Kefiso alirudi kutoka mjini akapumzisha punda kwenye kivuli cha kaburi la tajiri mmoja jirani. Alikuwa katikati ya kumsimulia Pamfilo jinsi mwanamke mmoja sokoni alivyomrushia samaki, akakatiza ghafla.

Drakilo alikuwa amesimama barabarani. Upande mmoja wa uso ulikuwa umetoka ngozi, unavuja. Jicho moja limefumba. Mkono wa kushoto jembe, wa kulia mundu.

"Mkia," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa. "Sina ugomvi na wewe."

"Umekatazwa kuja hapa."

"Sijalala siku tatu, ndugu yangu. Anakuja kukaa ukingoni mwa kitanda. Ananipapasa shingo. Mikono yake ya baridi hiyo!" Akaanza kulia, machozi yanapita kwenye nyama mbichi ya shavu. "Nipe mikono tu. Na miguu, kama unaweza. Hicho kichwa baki nacho. Nitafukua vizuri, nitafukia vizuri, hakuna atakayejua."

"Kefiso anajua," Pamfilo akasema.

"Mimi nauza vitunguu tu!" Kefiso akapiga kelele, tayari ameshapanda juu ya ukuta wa kaburi la tajiri.

Drakilo akaja. Pamfilo alimrushia mtungi wa maji, ukampasukia kifuani. Akamrushia jiwe, likamkosa, likampiga punda, punda akalia. Pamfilo akamrukia. Wakaanguka juu ya kaburi, wakabiringishana, mkuki katikati yao unatikisika. Pamfilo alimng'ata sikio mpaka meno yakakutana. Alimwingiza kidole kwenye shavu lililoungua, akavuta, na Drakilo akatoa mlio ambao Kefiso anasema hajawahi kuusikia hata machinjioni. Kisha mundu ukapanda. Pamfilo akainua mkono wa kushoto kujikinga.

Vidole viwili vilidondoka, kidogo na cha pete. Vilidondoka tu, kama vya mtu mwingine. Akavitazama. Teke la Drakilo likamkuta bado anavitazama, likamvunja ubavu, likamtupa chini ya kilima cha udongo. Teke la pili lilikuwa la kichwa.

Alipopata fahamu alikuwa hawezi kuvuta pumzi vizuri, na alisikia jembe. Drakilo alikuwa anafukua kama mbwa, anachimba na kulia, anachimba na kuomba msamaha. "Samahani, Eukrito. Samahani, bwana. Mara moja tu. Samahani." Jembe likagonga kigae kilichomfunika marehemu. Kigae kikavunjika. Ikatoka harufu ya mafuta na majani makavu, na nyuma yake ile harufu nyingine.

Akazamisha mkono kwenye tundu. Akautoa ameshika mkono wa Eukrito.

Pamfilo aliuona. Ule mkono mkubwa uliomfundisha kushika shoka, umekuwa wa kijivu, ule mstari bado uko kwenye kifundo, na andazi la asali limegandamana na vidole. Drakilo aliuvuta, akauweka juu ya goti lake, akainua mundu.

Mkuki hauguswi. Aliujua ule usemi, ulimpita kichwani kabisa na mafua ya yule mtaalamu. Akaung'oa. Alikuwa na vidole vitatu mkono mmoja, mti unateleza kwa damu, kwa hiyo aliuegemeza kwenye mbavu zake nzima, akajitupa nao mbele kwa uzito wote aliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi.

Uliingia nyuma ya paja, juu kabisa karibu na nyonga, ukatokea mbele.

Drakilo akauachia mkono wa marehemu. Akajitazama. Pamfilo alipouvuta mkuki, damu ikaruka kama maji ya bomba lililopasuka, ikapiga udongo, ikatafuta njia, ikaikuta. Ikaanza kushuka kwenye lile bomba la kumlishia marehemu. Guluguluguluu. Sauti ya mtu mwenye kiu.

Drakilo akaisikia. Rangi yote ikamtoka.

"Ananinywa," akanong'ona. Akajaribu kusogea, mguu ukakataa. Akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja, damu ikapita katikati ya vidole. "Mkia! Mkia, ananinywa! Nitoe hapa!"

Pamfilo alikuwa amepiga magoti, anaukandamiza mkono uliokatwa kwenye kanzu.

"Nitoe juu yake! Niburute barabarani nife kule, nife na mbwa, lakini si hapa! Baba yangu, nakuomba! Akinimaliza hapa nitakuwa wake huko chini!"

Ndipo akafika mama Arkipe na maziwa ya mchana. Aliona kaburi limefukuliwa, mkono wa mwanawe uko nje, na muuaji amekaa juu yake anabubujika. Aliuweka mtungi chini polepole. Akaenda, akaurudisha mkono wa Eukrito ndani ya tundu, akaufunika na shuka. Kisha akamkalia Drakilo miguuni.

"Mama, toka."

"Sitoki. Mwanangu hajashiba."

"Mama, akifa hivi ndugu zake watanijia."

"Waje. Kiganja chako kiondoe hapo, mbwa we!" Akakibandua kiganja cha Drakilo kwenye bomba, kidole kimoja kimoja. "Jana nilimnywesha maziwa. Leo anakunywa anachokitaka mwenyewe. Kunywa, Eukrito! Kunywa, mwanangu, mama yupo!"

Drakilo alipiga kelele. Mama alipiga kelele zaidi. Punda naye akajiunga.

Pamfilo akatambaa mpaka karibu, akamshika Drakilo ndevu zilizobaki. "Niachilie," akamwambia. "Sema uniachilie damu yako, mimi na wanangu. Nitakutoa."

"Nitoe kwanza!"

"Sema kwanza. Kefiso! Shuka!"

"Nasikia vizuri hapahapa nilipo!"

"Shuka ushuhudie, la sivyo nakuapia kwa huyu aliye chini nitawaambia watu wote ulijikojolea!"

Kefiso akashuka. Na alikuwa amejikojolea, masikini, lakini akasimama.

Drakilo alikuwa ameanza kutetemeka meno. "Namwachilia Pamfilo," akasema. "Damu yangu. Ndugu zangu wasidai. Yeye na wanawe. Nimeachilia. Kefiso, umesikia?"

"Nimesikia."

"Nitoe."

Pamfilo akamshika makwapani, akavuta. Ubavu uliovunjika ukamchoma ndani. Mama hakutoka miguuni. Aliburutwa pamoja na muuaji, kisigino chake kinachora udongo, anampiga mwanawe na kile alichokipata, na alichokipata ulikuwa mtungi. Maziwa yakamwagikia wote watatu. "Unamnyang'anya kaka yako!" alikuwa anasema kwa kila pigo. "Chakula! Mdomoni! Unamnyang'anya!" Pigo la mwisho lilimpasua Pamfilo paji la uso. Hakuachia. Alimvuta Drakilo hatua kumi, mpaka barabarani, mpaka kwenye vumbi la watu wote, na huko damu iliyobaki ikatoka polepole, nzi wakaja, na Drakilo akafa akiwa anaangalia nyuma kuhakikisha umbali.

Wakakaa wote vumbini, wanahema.

Kefiso akaokota mundu. Akampa Pamfilo kwa mpini. "Fasta, kabla hajakakamaa. Mikono tu, miguu nitakusaidia. Ahadi ya mtu anayevuja hivyo, aisee, mimi nisingeilalia."

Pamfilo aliushika. Drakilo alikuwa amelala mikono imetanuka, rahisi kabisa, kama kuni zilizopangwa. Mama alikuwa anamtazama. Pamfilo alitaka. Hilo halina siri, mwenyewe alilisema mpaka uzeeni: alitaka, na mkono ulishaanza kuinuka. Lakini alikuwa ametoka kuuona mkono wa kaka yake juu ya goti la mtu, unasubiri mundu. Akautupa mundu vichakani.

"Ameachilia," akasema. "Mpelekeni kwao mzima. Umwambie kila mtu njiani, Kefiso, maneno yaleyale."

Kefiso akampakia maiti juu ya punda, katikati ya mashada ya vitunguu, akaenda. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake huyo mtu alifikisha ujumbe bila kuongeza chumvi. Ndugu wa Drakilo walimzika ndugu yao. Mkuki waliutoa nje, wakamsikiliza Kefiso akiapa amesimama juu ya nyama ya sadaka, kiapo kizito kwao, wakaurudisha ndani. Kuhani akamwosha Pamfilo mikono kwa damu ya kitoto cha nguruwe, akamwambia ni safi, asirudie.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule kulikuwa na kaburi limetobolewa. Pamfilo alijifunga mkono kwa kipande cha kanzu, akapanga vigae, akafukia. Akauchukua mkuki, bado mwekundu mpaka nusu, akauchomeka. Ulisimama. Akakaa chini. Siku ya kwanza, upya.

Mama Arkipe hakuondoka. Alitafuta kwenye udongo mpaka akavipata vile vidole viwili vya Pamfilo. Akaviosha kwa matone ya maziwa yaliyobaki kwenye kigae cha mtungi, akachimba kwa kucha pembeni ya bomba, akavizika humo.

"Havitoshi kufidia," akasema, bila kumwangalia. Akainama kwenye tundu. "Eukrito. Mikono yako ipo yote. Hivi viwili ni vya mdogo wako, uvishike. Alichokunyima atakujibu mwenyewe akifika."

Na hayo ndiyo maneno ya mwisho Pamfilo aliyoyasikia kutoka kwa mama yake. Mama aliishi miaka kumi na mmoja zaidi chini ya paa moja naye, akala mkate wake, akalea wanawe, na hakumsemesha. Alipofariki, Pamfilo alimwosha pamoja na Mirte, akamzika kulia kwa Eukrito, akaweka bomba la pili. Kila mwaka alimimina maziwa kwenye yote mawili kwa ule mkono wenye vidole vitatu. Kwa kaka alikuwa na mengi ya kusema. Kwa mama aliweka sikio kwenye tundu, akasubiri kidogo, kisha akarudi nyumbani kuchoma mkaa.

Sasa nyie. Wapo humu watu waliowahi kulinda marehemu wao, au kugombana msibani nani ana haki ya kufanya nini, au mzee wao alikwenda na kinyongo na mpaka leo hawajui kama kilitoka. Msijifanye hampo. Tupieni stori zenu hapa chini, hata zile ambazo nyumbani hamruhusiwi kuzisema. Tunasoma zote.